Kabichi, mnara na lumbesa: Simu ya mkononi ilivyopanda milima ya Uluguru

ANAYEINGIA Morogoro kwa basi kutoka Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru kabla hajauona mji. Baada ya safari ya takribani kilomita 190, ukuta wa kijani huinuka upande wa kushoto, mara nyingi ukiwa umegubikwa na wingu. Wingu likiondoka, juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, huonekana minara ya mawasiliano. Wakazi wa 'mji kasoro bahari' wameizoea kiasi kwamba ni wachache wanaoinua shingo kuitazama.

Hata hivyo, historia ya simu ya mkononi katika sehemu hii ya nchi inasomeka vizuri zaidi kutokea pale juu. Antena iliyowekwa kileleni huona mbali: mji, barabara kuu na tambarare inayotandaa kuelekea kaskazini. Lakini mlima huohuo unaoinyanyua antena ndio unaolificha bonde lililo nyuma ya mgongo wake. Kwa miaka kadhaa mtu aliyesimama stendi ya Msamvu aliweza kuzungumza na ndugu yake aliye London, lakini asimpate mama yake aliye ng'ambo ya mlima anaoutazama.

Kwa mkulima wa mboga wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, kukosa mawasiliano hakukuwa suala la anasa. Kulikuwa na gharama iliyohesabika kwa gunia.

Simu ilipokuwa waya

Neno 'simu' lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Waswahili wa zamani waliita simu ule ujumbe uliosafiri kwa nyaya, yaani telegramu, kabla jina hilo halijahamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Kwa hiyo, anayesema leo kwamba ana simu isiyo na waya, kwa asili ya maneno, anasema ana waya usio na waya. Lugha haikujali, ilichukua jina la zamani ikalivalisha chombo kipya.

Morogoro ilikuwa miongoni mwa miji ya bara iliyowahi kuunganishwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, ilifika hapo mwaka 1907, na nguzo za simu zikaandamana na mataruma. Kwa zaidi ya miaka 80 iliyofuata, mawasiliano yalifika pale tu nguzo zilipofika.

Nguzo hazikuwa na hamu kubwa ya kupanda milima. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma hiyo ilishikwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Mijini watu waliomba laini na kusubiri miaka. Vijijini kulikuwa na simu za kukoroga katika baadhi ya ofisi za serikali, na redio za mawasiliano kwenye vituo vya polisi na vya misheni. Wengine wote walitegemea barua, na barua nyingi hazikupitia posta: zilikwenda mfukoni mwa dereva wa lori au kwa abiria aliyejulikana kuwa anashuka kijiji fulani. Habari ya msiba iliweza kufika baada ya arobaini kusomwa.

Tofali la New York

Wakati Mgeta ikisubiri barua, katika miji ya mbali watu walikuwa wakihangaika kuiondoa simu ukutani. Mwaka 1946, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, ilianzishwa huduma ya simu za magari. Ilikuwa redio kubwa iliyokula nafasi ya buti, na kwa kuwa ilitegemea kituo kimoja chenye nguvu na masafa machache, watu wachache tu waliweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Wengine walisubiri zamu, kana kwamba mji mzima unatumia kibanda kimoja.

Ufumbuzi ulibuniwa mwaka uliofuata na wahandisi wa maabara za Bell: badala ya kituo kimoja kikubwa, mji ugawanywe katika vipande vidogo, kila kimoja na kituo chake chenye nguvu ndogo. Vipande hivyo ndivyo vilivyoitwa seli. Wazo lilikaa kabatini zaidi ya miaka 20 kwa sababu mitambo ya kulitekeleza haikuwapo.

Aprili 3, 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika mtaa wa New York, akiwa ameshika kifaa chenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akampigia Joel Engel, mshindani wake wa maabara za Bell, kumwarifu kwamba anampigia kwa simu ya mkononi. Hiyo inahesabika kuwa simu ya kwanza ya aina yake. Ni vigumu kutotabasamu: teknolojia iliyokuja kubeba misiba, mahari na bei za nyanya ilianza kwa mtu kumringia mwenzake.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1983, simu hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la DynaTAC kwa karibu dola 4,000 za Marekani. Ilichajiwa kwa saa 10 ili izungumze nusu saa. Wajapani walikuwa wameshafungua mtandao wao wa simu za magari mwaka 1979, na nchi za Skandinavia zikafuata mwaka 1981.

Mitandao hiyo ya mwanzo ilitumia mfumo wa analojia, na kila nchi ilikuwa na wake. Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 1, 1991, simu ya kwanza ilipopigwa nchini Ufini kwa mfumo mpya wa kidijitali wa GSM. Mfumo huo ulikuwa na mambo mawili yaliyokuja kumfaa mwananchi wa kawaida. La kwanza ni kadi ndogo, maarufu kama laini, inayohama kutoka simu moja hadi nyingine. La pili ni ujumbe mfupi wa maandishi, ambao wa kwanza ulitumwa nchini Uingereza Desemba 3, 1992, ukiwa salamu ya Krismasi.

Kwa nini mlima ni rafiki na adui

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayopokea na kurusha. Inapowashwa huzungumza na mnara ulio karibu, na mnara huo huipokea sauti na kuipeleka kwenye mitambo inayomtafuta anayepigiwa. Mwenye simu akiwa safarini, mnara mmoja humkabidhi kwa mwingine bila yeye kujua. Basi linalotoka Morogoro kwenda Dodoma hukabidhiwa namna hiyo mara nyingi, na abiria anayelalamika kwamba simu imekatika kwa kawaida amepita mahali ambapo makabidhiano yameshindikana.

Mawimbi yanayotumika husafiri kwa tabia inayokaribia ile ya mwanga. Hupita hewani vizuri, hupenya ukuta wa nyumba kwa shida kidogo, lakini hayapenyi mlima. Yale ya masafa ya megahezi 900 hufika mbali na kujikunja kidogo kwenye vizuizi. Yale ya megahezi 1,800 hubeba wateja wengi zaidi, ila huchoka mapema. Aidha, katika mfumo wa kawaida wa GSM, simu iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara haihudumiwi hata kama inauona, kwa kuwa ishara zake huchelewa kufika kwa wakati uliopangwa.

Hapo ndipo Uluguru inapowapa wahandisi kazi. Antena ya kileleni ni ile fikra ya St. Louis ya mwaka 1946: kituo kimoja kirefu kinachotazama kila mahali. Inafaa kwa redio, televisheni na kuunganisha kituo na kituo. Simu za maelfu ya watu zinahitaji minara mingi midogo iliyokaa karibu na watu, na watu wa Uluguru hawakai tambarare. Wanakaa kwenye miteremko, kila bonde likiwa limepewa kisogo na bonde jirani. Mnara unaohudumia kijiji kimoja unaweza usionekane na kijiji kilicho umbali wa kilomita tatu.

Kila mnara nao unahitaji njia ya kupandisha vyuma, umeme au jenereta, mafuta na mlinzi. Gharama hiyo haipungui kwa sababu wateja ni wachache. Kampuni ya biashara inayopiga hesabu ofisini Dar es Salaam haihitaji kuwachukia wakulima ili iamue kuanza na mji.

Kutoka alama ya cheo hadi kitochi

Hapa nchini mlango ulifunguliwa na sheria za mwaka 1993 zilizolivunja Shirika la Posta na Simu. Kampuni ya Simu, TTCL, ikaanza kazi mwaka 1994, na mwaka huohuo Mobitel ikaleta huduma ya kwanza ya simu za mkononi, ikianzia Dar es Salaam. Simu zilikuwa kubwa na ghali, zikining'inizwa kiunoni ili zionekane. Mwenye simu hakuhitaji kujieleza katika mkutano, aliiweka mezani.

Tritel nayo iliingia katika muongo huo, kabla ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zantel ilianza Zanzibar mwaka 1999. Vodacom ikafungua huduma Agosti 2000, na Celtel, kampuni iliyoasisiwa na Msudani Mo Ibrahim, ikafuata mwaka 2001. Majina yamebadilika mno tangu wakati huo: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, Mobitel ikawa Buzz, halafu Tigo, na tangu mwaka 2024 ni Yas. Kuna wazee ambao bado huziita kampuni hizi kwa majina yaliyokuwa yameandikwa kwenye vocha yao ya kwanza.

Na vocha ndiyo iliyoleta mapinduzi, pengine kuliko simu yenyewe. Mfumo wa kulipia kabla, uliopata umaarufu Ulaya katikati ya miaka ya 1990, ulimwondolea mteja haja ya kuwa na akaunti ya benki, anwani ya nyumba au barua ya mwajiri. Mwenye shilingi chache alikwangua kadi akawa mteja sawa na mkurugenzi. Asiyekuwa nazo alibipu: akapiga, ikaita mara moja, akakata, na aliyepigiwa akajua. Watu walipatana hata maana za kubipu, mara moja ni 'nimefika', mara mbili ni 'nipigie'. Kampuni za simu hazikupata hata senti katika mazungumzo hayo.

Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu aina ya 1100, iliyouzwa duniani zaidi ya milioni 250. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ilikuwa na kibodi isiyoingiza vumbi kwa urahisi, betri iliyodumu siku kadhaa, na tochi. Kwa mtu anayerudi nyumbani usiku kwenye njia ya mlimani, tochi haikuwa urembo. Neno 'kitochi', ambalo leo hutumika kwa simu yoyote ndogo ya vitufe, linabeba kumbukumbu hiyo.

Jiwe la mtandao

Mitandao ilifuata barabara kuu, na Morogoro ilinufaika kwa kuwa njia panda ya Iringa na Dodoma. Mji, vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, na vituo vya barabarani vilipata mawasiliano mapema. Milimani yalifika kwa vipande, na mara nyingi kwa bahati: mawimbi yaliyokusudiwa tambarare yalipanda mteremko na kuangukia mahali fulani.

Mahali hapo palijulikana. Katika vijiji vya milimani watu walizijua sehemu zenye mtandao kama wanavyozijua chemchemi: jiwe fulani, mti fulani, kona ya njia inayotazama bonde. Jioni walikutana hapo, kila mmoja na simu yake juu, na siri za ndoa na madeni zikazungumzwa mbele ya majirani kwa sauti kubwa. Ndani ya nyumba, simu ilitundikwa kwenye msumari karibu na dirisha ambako mtandao ulikuwa ukigusa, na hapo ikageuka kuwa simu ya ukutani kama zile za zamani.

Umeme nao ulikuwa mtihani. Vibanda vya kuchaji kwa paneli za sola au jenereta viliibuka kwenye magulio, simu ikiachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni kwa malipo. Mwenye simu moja na laini tatu hakuwa mtu wa ajabu. Kila laini ilikuwa na jiwe lake.

Bei inajulikana, gunia halijulikani

Mgeta ni bustani ya mboga. Hali yake ya ubaridi inastawisha kabichi, karoti, viazi na njegere, pamoja na matunda ambayo tambarare haiyawezi. Kutoka Nyandira, Langali na Tchenzema mazao hushuka kwa malori hadi Morogoro na masoko ya Dar es Salaam. Ni biashara isiyongoja: kabichi iliyokatwa leo haiwezi kukaa wiki mbili ikisubiri bei nzuri.

Kabla ya simu, mkulima aliijua bei ya Dar es Salaam kupitia kinywa cha mtu anayetaka kumnunulia. Mfanyabiashara aliyepandisha lori alisema soko limeanguka, na mkulima hakuwa na namna ya kubisha. Simu ilivunja ukiritimba huo. Mkulima mwenye ndugu Kariakoo au Ilala aliweza kuuliza kabla hajakata hata kichwa kimoja cha kabichi, na mwenye kukuta bei mbovu akaiacha shambani siku chache zaidi.

Nje ya Afrika jambo kama hilo limepimwa kwa makini. Mwanauchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa jimbo la Kerala nchini India wakati mtandao wa simu ulipokuwa ukienea pwani yao kati ya mwaka 1997 na 2001. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007 alionyesha kwamba wavuvi walianza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza ufukwe upi una wanunuzi. Samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Matokeo hayo yalitajwa sana katika mikutano ya maendeleo, lakini kuna jambo moja ambalo watajaji hulipita haraka. Mvuvi wa Kerala ana mashua. Akiambiwa kwamba ufukwe wa kaskazini una bei nzuri, anageuza usukani. Mkulima wa Nyandira hana lori. Anaweza kuambiwa kwa simu kwamba kabichi ina bei nzuri Dar es Salaam, akashukuru, akakata simu, na akabaki amesimama kando ya barabara akimsubiri mtu yuleyule. Mfanyabiashara naye ana simu, tena nzuri zaidi, na anajua ni malori mangapi yamepanda siku hiyo. Mvua ikiharibu barabara, habari ya bei inakuwa kama harufu ya chakula cha jirani.

Kuna lumbesa pia. Gunia la kawaida linajazwa, kisha linaongezewa kichwa cha juu kinachoshonwa kwa kamba, hata kilichoitwa gunia moja kikakaribia gunia moja na nusu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na ufungashaji wa mazao ya shambani haupaswi kuzidi kilo 100. Operesheni zimefanyika mara nyingi, magunia yakashushwa na watu wakatozwa faini, lakini lumbesa imerudi kila mara.

Mkulima anayeuliza kwa simu, "gunia shilingi ngapi?" anapata jibu sahihi la swali lenye kasoro. Gunia la nani? Bei inasafiri kwa sekunde kutoka Kariakoo hadi Tchenzema, lakini kipimo hakisafiri nayo, na tofauti kati ya magunia hayo mawili inabaki mkononi mwa mnunuzi. Mizani shambani ingetibu sehemu hiyo ya tatizo. Simu haiwezi kupima uzito.

Fedha zikapanda mlima

Mahali ambapo simu ilifanya kazi bila kuhitaji barabara ni kwenye fedha. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, mtoto aliyeajiriwa Dar es Salaam alimtumia mama yake fedha kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta, au alimnunulia vocha, akamtumia namba zake, na mama akaziuza kwa muuza duka. Wananchi walikuwa wameshabuni benki ya simu kabla kampuni hazijaipa jina.

Wakala mwenye meza, mwavuli na daftari akawa sehemu ya kila gulio. Mwaka 2014 kampuni zilianza kukubaliana kupokeana fedha kati ya mtandao mmoja na mwingine, hatua ambayo Tanzania iliichukua mapema kuliko nchi nyingi. Kwa mwanamke wa Kiluguru, anayetoka katika jamii ambayo ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, malipo ya mboga yaliyoingia kwenye laini yake mwenyewe yalikuwa na faida ya ziada: hayakupitia mfukoni mwa mtu mwingine.

Serikali nayo iliiona njia hiyo. Julai 2021 ilianza kutoza tozo ya miamala, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo kiwango kikapunguzwa kwa asilimia 30. Mjini waliweza kukimbilia benki. Kijijini ambako benki iko umbali wa nusu siku, watu walirudi kwa muda kwenye bahasha na kondakta.

Laini, vidole na kitambulisho

Kadiri simu ilivyogeuka kuwa pochi, ndivyo dola ilivyotaka kujua ni ya nani. Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia zisizo na namba halali za utambulisho. Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioambatana na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na baada ya muda kuongezwa, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya Januari 20, 2020.

Lengo la kupunguza utapeli lilieleweka. Lakini anayekaa mlimani alilazimika kwanza kushuka kutafuta kitambulisho, kwenye foleni ndefu, ndipo asajili laini ambayo mtandao wake aliufuata kwenye jiwe. Ugumu wa kupata mawasiliano ulikuwa umehama kutoka hewani hadi kwenye karatasi.

Minara isiyo na faida

Hoja kwamba soko peke yake halitafika kila bonde ilikubaliwa kisheria mwaka 2006, ulipoundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa kampuni zijenge minara mahali ambapo hesabu za biashara hazikubali. Halotel, iliyoingia mwaka 2015 kutoka Vietnam, ilijitangaza zaidi kwa kwenda vijijini. Mei 2023 mjini Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini.

Takwimu za TCRA za mwishoni mwa mwaka 2024 zinaonyesha laini zaidi ya milioni 80 na akaunti za fedha za simu zaidi ya milioni 60, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 61.7 mwaka 2022. Msomaji wa mjini asihadaike. Laini si mtu. Yule mwenye laini tatu amehesabiwa mara tatu, na asiye na hata moja haonekani popote katika hesabu hiyo.

Vilevile mnara si kitu kimoja. Wakati Dar es Salaam ilianza kuonja kizazi cha tano mwaka 2022, mnara wa kijijini unaobeba kizazi cha pili tu humruhusu mtu kupiga, kutuma ujumbe na kutoa fedha, na si zaidi. Simu janja, maarufu tangu Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007 na simu za Android zikafuata mwaka 2008, ikifika hapo hugeuka kitochi cha bei kubwa.

Kwa baadhi ya mahitaji, hicho cha pili kinatosha. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, humwezesha mjamzito au ndugu zake kupiga namba 115 bure wakati wa dharura. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana huita dereva wa kijamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa simu. Mpango mzima umejengwa juu ya kitu kimoja kidogo, kwamba simu iliyo mkononi mwa mtu huyo usiku ule inashika mtandao.

Asubuhi ya gulio, malori hupakia Nyandira huku wapakiaji wakisukuma kabichi juu ya magunia yaliyokwisha kujaa. Simu zinaita kila upande. Wakulima wanauliza bei ya Kariakoo, na Kariakoo inawajibu. Sindano ya kushonea lumbesa inaendelea kupita kwenye kamba.